Alama za Heldur Kõiv

Heldur Kõiv hakuwa mtu wa kuamini neno la mtu. Ukimwambia mlango umefungwa, atakwenda kuutikisa mwenyewe, kisha atarudi tena kuutikisa. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa katika hifadhi ya sauti ya mji wetu mdogo, kusini mwa Estonia, yeye kwenye kompyuta na mimi kwenye katalogi, na nilimtania kwa tabia hiyo karibu kila siku. Sasa simtanii. Kilichotuponza ni bidii yake pamoja na uvivu wangu, na katika hivyo viwili najua kipi kibaya zaidi.

Tulikuwa na kanda elfu nne na ushee, nyimbo na maombolezo ya akina mama wa vijijini, nyingine za tangu kabla sijazaliwa. Kanda zilikuwa zinaoza. Heldur alizipitisha kwenye mashine moja baada ya nyingine, akazigeuza kuwa mafaili, na nyingi zilimegekea mikononi mwake papo hapo, hazikuchezeka tena. Kwa hiyo faili ndilo lililobaki. Likipotea hilo, wimbo umekwenda.

Mwaka 2010 diski zetu zilizeeka, tukaletewa mashine mpya. Kunakili si kazi. Kazi ni kuhakikisha kwamba nakala ni sawa na ya asili. Heldur aliandika programu fupi kwa lugha ya Perl, mistari arobaini hivi, ya kupiga alama ya kila faili. Unalipitisha faili zima kwenye hesabu, upande wa pili unatoka mstari mfupi wa herufi na tarakimu. Badilisha chembe moja ndani ya faili na mstari wote unageuka. Alama ya faili la zamani ikilingana na ya nakala, nakala ni salama.

Wengine wangeishia hapo. Yeye alitaka alama yenye ufunguo, yaani ile ambayo neno la siri linachanganywa kwenye hesabu, ili asiye na siri asiweze kulichezea faili kisha akalipigia alama mpya ya uongo.

"Nani atakuja kughushi wimbo wa kukama ng'ombe?" nilimuuliza.

"Salme, enzi za Wasovieti baba yangu alisomewa kwenye ofisi ya usalama maneno ambayo hakuyasema maisha yake yote. Karatasi ilikuwa na sahihi yake. Nani alijua kwamba mtu atahangaika na fundi saa kama yeye?"

"Haya, weka ufunguo wako. Weka na kwenye kopo la kahawa."

"Kwenye kopo la kahawa ndiko kunakohitajika zaidi. Wewe unaiba."

Akaweka. Tena hakuridhika na ufunguo mmoja: kila faili lilipata wake, siri yake ikichanganywa na namba ya rekodi. Hakuna alama mbili kwenye orodha zilizofanana. Ilikuwa orodha nzuri kutazama, safu mbili ndefu, za zamani kushoto na nakala kulia, na kila mstari wa kushoto ulilingana na mwenzake wa kulia.

Hifadhini tulikuwa na sheria ya macho manne. Hakuna kinachofutwa mpaka watu wawili wakague na kutia sahihi. Wa pili nilikuwa mimi. Nilitakiwa nichague mafaili mia moja na kuyasikiliza. Ilikuwa siku moja kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, watu wote walishaondoka kwenda shamba kuwasha mioto yao, na dada yangu alikuwa ananingoja nje ndani ya gari lililojaa nyama ya kuchoma. Nilisikiliza matatu. Nikatia sahihi. Diski za zamani zikafutwa, zikapelekwa shule moja ya jirani.

Vuli ya mwaka huo akaja Maimu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kutoka Setomaa, mashariki ya kwetu. Alikuwa ameona jina la mama yake kwenye katalogi yangu: Leida, wimbo wa kubembeleza mtoto, mwaka 1960. Mama huyo alifariki mwaka uliofuata, Maimu akiwa na miaka miwili. Picha yake ilikuwepo moja, ya harusini, kichwa kimegeukia upande. Sauti yake Maimu hakuwahi kuisikia, wala hakujua kwamba mtu aliwahi kuirekodi. Alikuja na basi la asubuhi, amefunga kichwani kitambaa cha sikukuu, na mkononi amebeba jibini ya nyumbani yenye mbegu za kisibiti.

Heldur alimvalisha vipokea sauti, akafungua faili. Maimu alifumba macho.

Tulingoja. Baada ya dakika moja alifumbua jicho moja. "Huwa wanachelewa kuanza?"

"Wakati mwingine, Bi Maimu."

Dakika ya pili. "Sisikii kitu, jamani. Au ni masikio yangu? Nilimwambia daktari hili la kushoto haliko sawa."

Heldur alikuwa ameshaona kwenye kioo cha kompyuta kile alichokiona. Mstari wa sauti ulikuwa umelala chini mwanzo hadi mwisho. "Mashine ina hitilafu leo," alisema. "Uje Alhamisi, tafadhali." Maimu akacheka, akatuachia jibini yote, akasema Alhamisi atakuja na dawa ya masikio na ya mashine pia.

Alipotoka, Heldur alifungua programu yake, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kidole kikasimama.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Kabla ya kupiga alama, Heldur aliongeza ukaguzi wake mwingine, kwa sababu ya ile tabia ya kutikisa mlango mara mbili: programu ilisoma faili kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikahesabu urefu wake. Halafu ikalikabidhi kwenye hesabu ya alama. Lakini ukishasoma faili mpaka mwisho umesimama mwishoni, na hesabu inaanzia pale uliposimama. Mbele hakuna kitu. Ilitakiwa kurudi mwanzo kwanza, mstari mmoja tu wa programu, na mstari huo hakuuandika. Programu ilipiga alama ya utupu upande wa kushoto, ikapiga alama ya utupu upande wa kulia, ikatangaza kwamba viko sawa. Ni kweli vilikuwa sawa. Waya mmoja kwenye kabati la mashine ulikuwa umelegea wakati wa kunakili, na mafaili sitini na moja yalifika na urefu wake kamili, ndani yakiwa matupu.

"Bila ufunguo ningeliona," alisema. "Alama ya utupu naijua, Salme, kila mtu wa kazi hii anaijua. Inaanza na d41d8. Ningeiona mara elfu nne kwenye safu moja, ningecheka, ningeandika upya. Nimeivalisha nguo elfu nne tofauti kwa mikono yangu mwenyewe."

Nilitaka kumwambia kwamba mafaili mia moja niliyotakiwa kusikiliza huenda yangelikamata walau moja. Sikusema siku hiyo. Nilimwambia baada ya wiki mbili, na naona aibu hata kwa hizo wiki mbili.

Alhamisi Maimu akaja na kitambaa kile kile. Heldur hakumpa kiti akae kwanza, alimwambia wamesimama wote wawili, yote, bila kujitetea, kwamba kanda yenyewe ilimegeka alipoicheza, hata habari ya ufunguo ambayo Maimu hakuielewa. Nikasema na mimi kwamba sahihi ya pili ni yangu, ila ya yale mafaili matatu sikuyataja. Maimu alitutazama kwa zamu.

"Na aliyerekodi?"

"Alishafariki," nilisema. "Miaka mingi."

Akafikiri. Kisha uso ukamchangamka kidogo, akamgeukia Heldur. "Lakini wewe uliicheza ile kanda. Uliniambia uliicheza yote. Basi umemsikia. Nieleze tu. Hata kama huwezi kuimba, kaka yangu, niambie alikuwaje."

Heldur alifungua mdomo. "Dakika nne na sekunde kumi na moja," alisema. "Haikukatika popote."

"Sauti yake. Nzito? Nyembamba?"

"Bi Maimu." Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na mbili, na alisema kama mtoto aliyevunja chungu. "Nilikuwa natazama mishale ya kupimia sauti, isipande kwenye nyekundu. Zilikuwa kanda nyingi. Nilikuwa natazama mishale."

Maimu akafunga vifungo vya koti lake kuanzia chini kwenda juu.

"Basi aliimba," alisema, "na hapakuwa na aliyemsikia."

Hakututukana. Alitushika mkono mmoja mmoja, akauliza basi la kurudi ni saa ngapi, na Heldur, anayejua ratiba yote kwa moyo, alikwenda kuitazama ukutani, kisha akarudi tena kuitazama.