Gomesi ya Bibi Zaituni

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya nusu meza. Ndivyo wanavyokodisha kwenye maonyesho ya wachora katuni kule Kampala: asiye na kampuni nyuma yake anapewa nusu, na nusu nyingine anapewa mtu asiyemjua. Mimi nachora mwenyewe, nachapisha mwenyewe, na nikikosea sina wa kumlaumu. Safari hii nilikuwa na kitabu kimoja tu, nakala sitini za rangi, kuhusu Bibi Zaituni, mama wa marehemu baba yangu, Mnubi wa Kisugu, mtaa wa huko huko Kampala. Sikuwahi kumwona. Baba aliondoka kwao angali kijana, akafia kwetu, na katika nyumba yao alibaki dada mmoja, Shangazi Hadija, ambaye tulijuana kwa simu tu. Nilitaka aione kazi na aipe baraka kabla sijaiweka mezani. Bila hivyo ningekuwa nauza mama wa watu.

Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa nikipanga meza yangu juu ya kitanda: kitambaa cha bluu, vishikizo vya kadibodi vya kusimamishia vitabu, kopo la kalamu za kutia sahihi. Mume wangu alihamia kwenye kochi bila kulalamika sana.

Saa mbili asubuhi basi letu lilifika Mutukula, mpakani. Mama mmoja wa forodha alifungua begi langu akauliza, "Hizi vitabu ni za shule?"

"Ni katuni, dada."

Alifungua kimoja katikati, akamwona Bibi, akatabasamu. "Eh, jajja huyu! Gomesi umemvalisha vizuri nnyo."

Nikavimba kichwa. Gomesi, lile vazi la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, lilinitoa jasho kuliko kitu kingine chochote ndani ya kitabu. Nililichora kutoka picha za harusi, mkunjo kwa mkunjo.

Adhuhuri, Lukaya. Wauzaji walikuja mbio na mishikaki ya kuku na ndizi za kuchoma, wakainyoosha hadi madirishani. Nilinunua ndizi, nikala polepole nikitazama mafunjo ya kinamasi yakipita. Sikuwa na wasiwasi wowote, na nikikumbuka sasa najicheka.

Saa kumi jioni nilikuwa Kisugu. Shangazi alinipokea mlangoni, mwembamba, mrefu, sauti ndogo. Alinipa kwanza maji, kisha kisira, ule mkate wao mwembamba kama karatasi, na mchuzi wa majani. Nilipomaliza kula nikampa kitabu kwa mikono miwili. Alikipeleka dirishani kwenye mwanga. Alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akasimama hapo.

"Hii ni nani?"

"Ni Bibi, Shangazi. Mama yenu."

"Hii si mama yangu," alisema. "Mama yangu hapana vaa gomesi. Gomesi ni ya Waganda, na ni nguo nzuri, mimi sikatai. Sisi tunafunga gurbaba. Mama alishona yake na mkono, maua moja moja, mpaka macho ikachoka. Wewe umemvua, ukamvalisha nguo ya jirani."

Baba hakuwahi kunisimulia nguo. Wanaume wangapi husimulia nguo za mama zao? Nami sikuuliza. Niliona bibi wa Uganda, nikampa vazi la bibi wa Uganda.

"Nifanye nini?" nilimuuliza. "Maonyesho ni keshokutwa."

"Uza. Hapana mtu atakukataza. Lakini toa jina ya mama yangu hapo juu."

Nakiri nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwanza, kisha baba, kisha yule mama wa forodha aliyenisifu. Kwenye maonyesho hakuna ambaye angejua tofauti. Lakini nilikuwa nimekuja kutafuta baraka, na badala yake nilikuwa nimepewa ruhusa. Ruhusa sikuitaka.

Kesho yake alfajiri nilimkuta Shangazi uani na chai, nikamwomba anionyeshe gurbaba inavyofungwa. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe kilichotariziwa maua ya nyuzi nyekundu na kijani hadi kwenye pindo. Akakizungusha kiunoni. Upande mmoja ulipoteleza, akaudaka pembe kwa meno, mikono ikaendelea kukaza upande wa pili.

"Simama hapo hapo, Shangazi."

"Na nguo kwa mdomo?"

"Na nguo mdomoni."

Alicheka, kitambaa kikaanguka, ikabidi aanze upya. Mara tatu. Huo ndio ukawa mchoro wa kwanza: Bibi Zaituni anafunga gurbaba, pembe i katikati ya meno. Hadi saa tisa nilikuwa nimemaliza kurasa nane, wino mweusi mtupu. Zaidi ya hapo nisingeweza. Tulizitoa kopi kwenye kiduka cha chini ya barabara, tukakaa mkekani kukunja. Shangazi alikunja kwa kucha, mstari mnyoofu kuliko wangu, nami nikapiga pini.

Siku ya maonyesho, saa tatu asubuhi, ukumbi ulikuwa umejaa rangi. Jirani yangu wa nusu meza alikuwa Okello, mtoto wa askari, aliyekulia kambi ya Mbuya. Majitu ya katuni zake yalikuwa na misuli hadi shingoni.

"Sister, iko hii tu?" aliniuliza akigusa vijitabu vyangu. "Watu wanapenda color."

"Vya rangi ninavyo, viko kwenye begi."

"Toa basi!"

"Vina kosa."

Akatikisa kichwa, kisha akanisogezea nafasi kidogo upande wake.

Asubuhi waliosimama kwangu walikuwa wachache. Saa nane Shangazi akaingia, amejifunga gurbaba yake, akaketi kando yangu. Msichana mmoja alichukua kijitabu, akauliza huyu anayeuma nguo ni nani. Nilifungua mdomo, lakini Shangazi alishatangulia.

"Mama yangu. Namna hiyo alikuwa anafunga."

Kijitabu hicho nilishindwa kukitia sahihi vizuri.

Asubuhi ya kurudi nilikuwa nafunga begi. Nilikuwa nimejifunza kuuliza kabla ya kuchora, nikadhani somo limeishia hapo. Shangazi akasimama mlangoni.

"Nipe moja ya ile ya rangi."

"Ile yenye kosa?"

"Ile."

Alifungua ukurasa ambao baba, mtoto wa miaka saba, amekaa juu ya ukuta. Akamfunika Bibi na gomesi yake kwa kiganja, akabaki anamtazama yule mtoto.

"Kaka yangu hakuacha picha hata moja," alisema. "Hiyo masikio ulitoa wapi?"

"Sikuwa na picha ya utotoni mwake, Shangazi. Nilijitazama kwenye kioo."

Aliweka kitabu chini. Akanyoosha mkono, akausogeza mtandio wangu pembeni, akaangalia sikio langu, kisha akalishika kwa vidole viwili na hakuliachia. Basi la saa nne liliondoka bila mimi.