Koko Aliyekataa Kuitwa wa Kwanza

Koko yangu, mama mzazi wa baba, haamini kompyuta, na sababu anayo: kompyuta yangu ndiyo iliyomwacha msimu mzima chini ya paa linalovuja.

Nafanya kazi Bunia, mashariki mwa Kongo, katika ofisi ndogo ya misaada, yenye jenereta inayokohoa kuliko mlinzi wetu. Natunza majina ya familia zilizokimbia vita kutoka upande wa Djugu. Siku ya kugawa maturubai, chef wetu, yaani mkuu wa ofisi, anachukua karatasi nilizochapa, anapanda nyuma ya gari na kuita watu kwa kipaza sauti. Gari lazima lirudi mjini mapema kwa sababu ya usalama barabarani, kwa hiyo ambaye hajafikiwa anangoja mgao mwingine, hata kama ni mwezi ujao.

Koko ni mmoja wa hao waliokimbia; anakaa pembeni mwa mji, kibanda chake kimeegemeana na cha rafiki yake wa tangu utotoni. Walikimbia pamoja. Jina la koko linaanza na herufi za mwishomwisho, na makro yangu wakati ule ilijua kupanga kwa alfabeti tu. Makro ni amri ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhi ya data, unayoiandika mara moja na kuipa jina, kisha wenzako wote wanaiita kwa jina hilo inawafanyia kazi. Ni kama sufuria ya ukoo: mwenye harusi anaipikia, mwenye matanga anaipikia. Yetu ilikuwa nzuri, ila ilijua kupika wali peke yake. Basi koko akawa wa mwisho, na gari likaondoka kabla hajaitwa.

Usiniulize kwa nini sikumnunulia turubai sokoni. Nilimnunulia. Akampa jirani aliyekuwa amejifungua juzi.

“Yangu itakuja na jina yangu,” aliniambia. “Sitaki batu baseme nilipita mulango ya nyuma juu mujukuu yangu iko mu bureau.”

Ukiwa na koko wa namna hiyo, njia ni moja: ubadilishe mlango wa mbele. Na ofisini hata wengine walikuwa wamechoka na alfabeti. Dereva alitaka majina yafuatane kwa avenue, mtaa kwa mtaa, ili siku za kupeleka mizigo majumbani asizunguke bure. Muuguzi alitaka wenye watoto wengi waanze. Chef alitaka alfabeti ibaki, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa shuleni na hajaona shule ikikosea. Nikaongeza nafasi mbili kwenye makro. Ya kwanza, mtumiaji aseme apangiwe kwa safu gani: jina, avenue, watoto, tarehe ya kuzaliwa. Ya pili, aseme ianze chini kwenda juu au juu kwenda chini. Asiposema kitu, anapata alfabeti, ili presha ya chef isipande.

Kisha nikamwomba chef tuanze na wazee. Alikubali haraka, akasema penye wazee haliharibiki neno. Nilipanga kwa tarehe ya kuzaliwa, ya zamani kabisa ikitangulia, nikaenda mwenyewe kwenye mgao nimevaa viatu safi, kama mtu anayengoja kupongezwa.

Mwanzoni ilipendeza. Waliitwa wazee wa fimbo, na rafiki wa koko akawa miongoni mwao, maana alikuwa amekimbia na kadi yake ya ubatizo, yenye tarehe ya kuzaliwa, kifuani. Kisha wakaitwa kina mama. Kisha vijana wenye visikilizio masikioni. Koko bado alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, goti lenye maumivu amelinyoosha mbele. Gari likaondoka. Akanitazama kwa upole ule unaouma kuliko kofi.

“Mutoto yangu, mashini yako inasema miye niko kijana kupita hawa bote. Aksanti sana.”

Nilicheka naye, lakini njiani nilitaka kulia.

Ofisini niliona kosa upesi. Nafasi ya tarehe yake ilikuwa tupu. Vijana ambao kadi zao ziliungua na nyumba wanazikumbuka tarehe zao kichwani. Wazee wengi hawana cha kukumbuka. Mwandikishaji alipomuuliza, koko alijibu kwamba alizaliwa kabla ya barabara, na yule bwana hakujua pa kuiweka barabara, akaacha tupu. Na hifadhi yetu ya data, usipoielekeza, pasipo na kitu inapapeleka mwisho. Wakongwe wetu kabisa walikuwa wamepangwa nyuma ya vijana! Nikaongeza nafasi ya tatu: wasio na tarehe waende mbele au nyuma. Nikasema mbele.

Mgao uliofuata, mawingu yalikuwa yamejaa tangu asubuhi. Chef akafungua kinywa, na kati ya wasio na tarehe bahati ikamwangukia koko: jina la kwanza likawa lake.

Hakusimama.

Chef akarudia. Rafiki yake akamgusa kwa kiwiko. Koko akaangalia pembeni.

“Anaita mwenye iko muzee kupita bote,” alisema kwa sauti ya kusikika. “Miye siko ule. Muzee ni huyu hapa.”

Nilikuwa nimesahau ugomvi wao. Miaka yote wamesukumiana ukubwa, hakuna anayeutaka. Nikamwinamia, nikamwambia mvua inakuja. “Ikuje,” akajibu. Chef alikuwa anatazama mawingu na kulowesha kidole ili aendelee na jina jingine. Niliogopa kweli, maana chef akishapita jina harudi.

Rafiki yake ndiye aliyesimama. “Batu bote musikie!” alipaza sauti. “Huyu ni mudogo yangu. Miye nilimubeba mugongoni!”

“Mumesikia?” koko akauliza umati, na goti likapona papo hapo. Akaenda kuchukua turubai lake kwa mwendo wa msichana, ameshikwa mkono na mwenzake.

Tulilifunga juu ya paa mvua ikiwa imeshaanza. Rafiki yake alipokwenda kwake kutazama moto, tukabaki wawili tunasikiliza. Hapakudondoka hata tone. Nikamtania, nikamuuliza anajisikiaje kuwa mdogo.

“Alidanganya,” alisema. “Utotoni, miye ndjo nilimubeba.”

Akalitazama lile turubai.

“Yeye alinibeba siku tulikimbia. Alinivusha mutoni mugongoni, na yeye pia iko muzee.”

Kesho yake niliketi ofisini na kufungua mstari wake. Nafasi ya tarehe ilikuwa bado tupu; ningeweza kukisia kwa kadi ya rafiki yake, lakini sikuandika kitu, nisije nikamuumbua aliyejiita mkubwa.