Siku Niliyomwita Mama kwenye Spika ya Msikiti

Jamani, haya nilitaka yafie Mbale huko huko, lakini nasikia watu wa mtaa wa Malukhu wameshayaleta mpaka Jinja na wanayatia chumvi, kwa hiyo bora mnicheke kwa ukweli. Ndiyo, ni mimi. Ile sauti iliyotoka kwenye spika ya msikiti mchana kweupe ikisema "Mama yangu nakufa" ilikuwa yangu, mwanamume mzima na ndevu zangu, tena nimevaa kanzu mpya.

Nilikuwa nimekwenda kuonekana na baba yake Zaituni. Zaituni mwenyewe tulijuana hapa Jinja, alikuja kukaa kwa shangazi yake akawa ananunua vitambaa dukani kwangu (leo mita moja, kesho nusu mita, mpaka hata mimi mjinga nikaelewa), na tulipokubaliana akaniambia kabla sijatuma wazee lazima baba yake anione kwanza. Mzee Ramadhani ni mtu mpole, hasemi sana, lakini kuna mchumba alishamrudisha kwa sababu eti alichelewa swala akiongea na simu. Nilifika Mbale na hofu tele, maana nilishajiona bila Zaituni sina maisha, na neno la yule mzee ndilo lingeamua.

Mvua ilikuwa imeshuka kutoka mlima Wanale, ikalowesha kila kitu, ikakata. Mzee akanichukua twende tukaswali alasiri, tukatawadha pamoja pale bombani, mimi natawadha kwa makini utafikiri niko kwenye mtihani. Ndani tukamkuta muadhini, mstaafu wa jeshi ambaye kila mtu anamwita Afande, anakohoa mpaka anashika ukuta. Mzee Ramadhani akanigeukia akasema, "Bwana, nasikia una sauti nzuri. Mpumzishe Afande leo."

Hapo moyo ukapanda. Nikajua ndiyo nafasi yangu.

Afande akaninong'oneza, "Shika kipaza kwa hicho kitambaa, na usimame juu ya ubao. Inatekenya kidogo."

"Nini inatekenya?"

"Umeme. Kidogo tu, sisi tumezoea."

Na kweli walikuwa wamezoea, msikiti mzima, mpaka watoto wa madrasa walikuwa wanajua kwamba kipaza sauti kile hakishikwi hivi hivi, na badala ya kumwita fundi walikizungushia kipande cha fulana kuukuu, wakatafuta ubao, na maisha yakaendelea. Sasa mimi nikakitazama kile kitambaa, kimekuwa cheusi kwa jasho la mikono ya watu, nikatazama mkono wa kanzu yangu mpya, nikamtazama mkwe wangu mtarajiwa amekaa safu ya mbele ananingojea, nikaona hapana, siwezi kuonekana nimeshika tambara. Nikakivua. Ubao nao ulikuwa unayumba, nikausogeza pembeni kwa mguu (mguu mtupu, umelowa, juu ya saruji iliyolowa nyayo za watu). Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu.

Nikaanza bila kukigusa kipaza, na mwanzo ulitoka vizuri, nikausikia unaondoka juu ya mabati ya Malukhu, nikamwona mzee anatikisa kichwa kidogo kuonyesha ameridhika. Halafu kile kipaza kikaanza kuinama kwenye stendi yake iliyolegea, na mimi bila kufikiri nikakidaka kwa mkono mzima.

Wallahi si kutekenya. Mkono ulijifunga wenyewe, nauambia achia, hauachii, meno yamekutana, kifua kimebana kama mtu amenikalia, na kilichonitisha zaidi ni kwamba akili ilikuwa timamu kabisa, naona kila kitu, naona mkeka, naona macho ya watu, naona kofia ya Afande, na ninajua vizuri kwamba nakufa na mkono wangu mwenyewe ndio unaoniua. Nikatafuta shahada ulimini nisiikute. Kilichotoka ni "Mama! Mama yangu nakufa!" na mdomo ulikuwa karibu na kipaza, kwa hiyo kikatoka chote, kikaenda madukani na sokoni na kwa watu wa bodaboda.

Watu waliganda. Aliyenyanyuka wa kwanza alikuwa Mzee Ramadhani. Ndevu zake zilikuwa bado zinadondosha maji ya udhu, mikono imelowa mpaka viwiko, ananijia mbio, na mimi nataka kumwambia usinishike, mzee, usinishike, lakini mdomo ulikuwa umebaki na neno moja tu, mama, mama. Akanikamata kifundo cha mkono. Niliuona uso wake ukibadilika mbele ya uso wangu. Naye akanasa.

Nisiwafiche, pale nilisahau kifo changu. Niliogopa kitu kingine kabisa, kwamba ninamuua baba yake Zaituni mbele ya msikiti mzima, na kwamba atakufa amenishika mkono, na mimi nitapona nije nimwambie mtoto wake nini.

Aliyetuokoa ni Mama Zaituni. Alikuwa nyuma ya pazia kwa wanawake, akaisikia ile sauti, akaingia upande wa wanaume na ndala zake za mpira miguuni (jambo ambalo pale hakuna aliyewahi kuliona), akapita katikati ya safu, akaukamata waya mrefu na kuuvuta ukutani mpaka soketi ikang'oka na plasta yake. Tukaanguka mimi na mzee, mmoja juu ya mwingine.

Mimi nilikuwa napumua. Mzee alilala chali, kimya. Mkewe anampiga mashavuni, "Baba Zaituni, Baba Zaituni," kwa sauti ndogo, na mimi nimepiga magoti nalia kamasi zinatoka, sijali nani ananiona. Nilishaanza kuona jeneza. Halafu akafumbua macho, akatafuta tafuta, akanipata, akasema polepole, "Adhana haijaisha."

Afande akaenda kuimalizia ngazini, bila spika, kwa kikohozi chake.

Kurudi nyumbani kwa mzee kulikuwa adhabu. Muuza nyanya aliniuliza kwa upole kabisa kama mama nimempata, na vijana wa boda wakanisalimia "shikamoo mama". Zaituni alikuwa jikoni, spika inafika mpaka huko, macho mekundu kwa kulia, akanitazama juu mpaka chini akasema, "Kumbe ukifa unamwita mama yako. Mimi hata hukunikumbuka?"

Baada ya magharibi mzee akaniita. Amekaa, mkono wa kulia umefungwa bendeji kwa kuungua. Nikamwambia, "Mzee, nilikuja na ombi, lakini leo sina uso wa kuomba."

Akaniuliza, "Pale chini, ulikuwa unanililia mimi au ulikuwa unalilia posa?"

Nilitaka kudanganya, wallahi nilitaka. Nikasema, "Vyote viwili, mzee."

Akaupakata ule mkono wa bendeji. Kisha akasema, "Walete wazee wako."

Basi ndiyo nimeoa. Umeme siugusi tena. Hapa Jinja taa anawasha Zaituni, na asipokuwepo nakaa gizani mpaka arudi, mnicheke tu. Lakini kuna kitu siwezi kukicheka. Kila Iddi tunakwenda Mbale, na mzee, ambaye watoto wake wote aliwafundisha kwamba mtu hapewi kitu kwa mkono wa kushoto, ananimiminia chai na kunipa kwa kushoto, kwa sababu vidole vya kulia havikunji tena. Nami naipokea kwa mikono miwili, naangalia chini.