Panya Wasiotishwa

Miaka ile ya utawala wa jeshi Kampala nzima ilinyata, isipokuwa mama wa maabara ya mitishamba. Vidole vyake vilinuka majani. Kila asubuhi aliwanong'oneza panya, akawanywesha dawa, kisha akawabana kwenye mirija myembamba ili watishike, aone kama dawa itawakinga na hofu. Wenzao aliwaacha wastarehe, wawe kipimo cha utulivu.

Siku moja askari wa gereza la kijeshi la Makindye aliingia na bunduki.

"Mama, mimi hapana lala. Leta hiyo dawa."

"Bado, mwanangu. Panya hawajanijibu."

Askari alipoondoka, mama aliwageukia wale wa kustarehe. Wote walikuwa wamejikunyata pembeni.

"Hata nyinyi mmetishwa," alisema. Akafuta vipimo vya siku hiyo, akaanza upya.