Vumbi la Kupakwa

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzeeni na kuniachia ulimi wa kumsifu. Yeye huutazama moyo, wala hajawahi kuazima macho ya jirani. Kwa jina lake nasimulia.

Harufu ya vumbi jekundu lililochanganyika na jasho na nta ya mishumaa hunirudisha Namugongo, walikochomwa mashahidi wetu wa imani, mwaka ule mdogo wangu Juma aliponusurika na homa ya uti wa mgongo. Tulikaa katika kambi ya polisi upande wa Bugolobi. Baba alikuwa koplo, Mwislamu wa Arua. Mama alikuwa Mkatoliki wa Gulu. Juma alipokuwa hajitambui, mama aliweka nadhiri kwamba akipona atambeba mgongoni kwa miguu hadi Namugongo. Kwa desturi ya kanisa letu dogo la kambini, waliotembea kwa nadhiri walisimama mbele kwenye uwanja wa hija, padri akiwawekea mikono. Wengine walipata baraka ya jumla. Mama aliutaka mkono ule juu ya kichwa cha Juma. Aliogopa kwamba nadhiri iliyokatika njiani ingemrudia mtoto.

Tuliondoka alfajiri, tukapita Banda na Kireka, mama peku, mimi nikibeba kibuyu cha maji. Karibu na Kyaliwajjala gari lilitupita, likasimama mbele. Akashuka Mama Regina, mke wa inspekta na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Alivua viatu, akainama, akachota vumbi na kujipaka miguuni hadi magotini, taratibu, kama bibi harusi anayepakwa hina. Nimefundisha katekisimu miaka mingi na kusamehe mengi, lakini uchaji wa namna hiyo bado hunichefua kama maziwa yaliyochacha. Mwizi wa kuku angalau hujificha.

Sisi tulipofika kwenye bomba la maji langoni mwa uwanja wa hija, mama aliosha miguu yake na yangu. Hilo alilizoea nyumbani: baba hakusimama mbele ya Mungu bila kutawadha, na mama aliona ni adabu njema kwa kila dini. Tukaenda kusimama na wa nadhiri. Mama Regina akamtazama mama chini, kisha juu.

“Mama Juma, hapa ni ya watu ya miguu.”

“Nimetembea, mama.”

“Na hiyo miguu inang'aa hivyo? Wewe umepanda gari. Usimdanganye Mungu, nnyabo. Rudi nyuma.”

Wanawake wakacheka. Nilimvuta mama gauni ainue unyayo, waone malengelenge yaliyopasuka. Akanikataza.

“Mguu yangu si kitambulisho,” alisema, akarudi nyuma na Juma wake. Padri alipopita mbele akiweka mikono, Mama Regina alifumba macho kwa unyenyekevu mkubwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jioni baba alimwona mama akichechemea. Alichemsha maji, akatia chumvi, akapiga magoti na kumkanda nyayo huku akinong'ona bismillahi.

“Juma hakuwekewa mkono,” mama alisema, na hapo ndipo alipolia.

Baba akajifuta mikono, akauweka mmoja juu ya kichwa cha Juma, akakaa hivyo kitambo.

“Mungu alikuwa barabarani na nyinyi,” alisema. “Ile nadhiri imefika.”

Imefika kweli, Juma leo ana wajukuu. Nami kila Juni nawaona kina Mama Regina wapya wakishuka kwenye magari yenye vioo vyeusi, wakichafua viatu vya bei, wakinyoosha simu ili dunia nzima ione vumbi lao. Zamani unafiki ulitazamwa na kambi moja tu; sasa una watazamaji wengi, na hilo ndilo badiliko pekee ninaloliona. Mimi huosha miguu bombani, kisha nasimama nyuma.

Wewe unayesoma, Mungu azihesabu hatua zako ambazo hakuna aliyeziona, na akupe mtu wa kukukanda nyayo ufikapo nyumbani.