Baiskeli Iliyokataa Kutundikwa

Jumamosi nilimsindikiza mwenzangu wa ofisini hadi mtaa wa Kimisagara kuchukua baiskeli ya zamani aliyoiona mtandaoni. Ilikuwa nyeusi, yenye tandiko la ngozi, na bei yake ilikuwa ya haki. Muuzaji, mama wa makamo, alikuwa mlangoni akiifuta vumbi.

“Unakaa wapi?” alimuuliza mwenzangu.

“Rebero.”

“Kule ni mlima. Hii iko mzee, haina gia. Utapanda nayo namna gani?”

“Sitaiendesha, mama. Nitaitundika sebuleni.”

Mama akaivuta baiskeli kwake. “Marehemu bwana yangu alikuwa anaenda nayo kazi. Mimi siuzi picha. Panda nikuone.”

Mwenzangu akanong'ona kwamba hajui kuendesha.

Mama hakucheka. Alikaza kitenge, akashika tandiko kwa nyuma, akasema, “Kaa. Tazama mbele.” Majirani wakatoka kumwona bwana mwenye viatu vya kung'aa akisukumwa, huku akipiga kengele bila sababu.

Aliuziwa jioni, kwa bei ile ile, magoti yakiwa na vumbi. Sisi wanunuzi wa mtandaoni hukagua breki na mnyororo kabla ya kulipa. Sikuwahi kufikiri kwamba muuzaji naye ana haki ya kumkagua mnunuzi.