Kifurushi cha Katesh

Josephine, Mama Brayan wetu wa Bonga, anauza magauni meupe ya komunyo ya kwanza kwa simu. Anayapiga picha mlangoni kwake, anayaweka mtandaoni, na wateja wanaagiza kutoka Kondoa, Singida, hata Dodoma. Jicho la nguo analo, na mdomo wa kuuzia anao. Mpangilio, hilo nalo Mungu alilisahau siku anamuumba. Kwa miaka sita oda zake zilikaa kichwani, na magauni yalikaa popote palipopatikana nafasi: juu ya kabati, nyuma ya kochi, hata kwenye beseni la nguo chafu. Ukimshauri aandike, anakujibu kwamba kuandika kunapoteza muda. Kisha unamsikia asubuhi nzima akipekua nyumba kutafuta gauni moja.

Aliyembeba miaka yote hiyo alikuwa Romanus. Alikaa dirisha la mizigo la kampuni moja ya mabasi pale stendi, mtu mpole, kalamu nene sikioni. Saa tisa mchana gari la Katesh limeshawashwa, Josephine ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda, kifurushi kwapani. Romanus anakipokea, anakipandisha garini, risiti ataandika baadaye. Siku nyingine haandiki kabisa. Mteja wa siku nyingi, aliona, hana haja ya kuandikiana naye.

Mwezi wa sita mwaka jana, wiki ya komunyo, bibi mmoja wa Katesh anayeitwa Martha aliagiza gauni la mjukuu wake. Lilipaswa kusafiri Alhamisi. Ijumaa akapiga simu.

"Shikamoo, bibi," Josephine alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Nimesimama stendi jana na leo mpaka magari yamemaliza kushusha. Gauni silioni."

Josephine alikuwa amefunga vifurushi kumi na vinne wiki ile. Hakuwa na mahali pa kuangalia, kwa hiyo akakumbuka, na alichokumbuka ni kile kilichokuwa kikitokea kila mara: bodaboda, gari linanguruma, mkono wa Romanus.

"Kifurushi nilikituma jana, bibi. Nilimkabidhi mtu wa stendi mkononi."

Jumapili mtoto alipokea komunyo akiwa amevaa sare ya shule. Jumatatu Josephine alikwenda stendi na hasira za mwenye haki. Msimamizi akamwita Romanus mbele ya abiria. Romanus akasema hakupokea mzigo wowote wa Katesh kutoka kwake Alhamisi ile. Josephine akasema alimpa mkononi. Risiti haikuwepo, na kila mtu pale alijua Romanus ana tabia ya kupokea bila risiti. Wakamwingiza ofisini wakamalizana naye huko, Josephine akiwa ameshaenda zake. Kabla ya jioni dirisha lilikuwa na mtu mwingine, na Romanus alirudi kwao Mutuka kulima. Pale stendi wakaanza kumwita mwizi wa magauni.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilichukua miezi minane.

Mwezi wa pili mwaka huu Evelyne, mdogo wake Josephine, alikuja kukaa naye. Siku ya tatu uvumilivu ulimwisha. Akanunua daftari, akachongesha rafu kwa fundi. Kila oda mstari wake: jina, mji, siku ya kusafiri. Rafu ya juu vifurushi vilivyokwisha kufungwa, ya chini vinavyosubiri, na kikishaondoka, tiki, na risiti inabanwa palepale. Ili rafu ipate ukuta, walisogeza kitanda. Kati ya mguu wa kitanda na begi la masweta palikuwa na kifurushi cheusi kimefungwa vizuri kwa selotepu, na juu yake mwandiko wa Josephine mwenyewe: BIBI MARTHA, KATESH.

Josephine alikaa chini sakafuni. Uso ulimwaka mpaka masikioni, anasema, na hakuweza hata kumwangalia mdogo wake. Evelyne aliifahamu ile habari ya stendi.

"Dada, kichome," alisema taratibu. "Watu elfu tatu wanafuata ukurasa wako. Ukijitangaza, nani ataagiza tena?"

Hakukichoma. Hakukipeleka popote pia. Alikaa nacho siku kumi na tisa, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba siku hizo kazi ilianza kumnyookea. Kwa lile daftari alimaliza kufunga kabla ya saa sita. Stendi alifika saa nane, akabaki na muda wa kunywa chai. Wateja wakamsifia uharaka, na kila sifa ilimwongezea aibu.

Siku ya kumi na tisa, dada aliyechukua dirisha la Romanus alimsogezea kitabu.

"Saini hapa, mama. Kuanzia leo kila mtu anasaini. Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa mwizi."

Nyuma yake kwenye foleni walisimama watu sita au saba. Josephine alishika kalamu, akaiweka.

"Hakuwa mwizi," alisema. "Ule mzigo ulikuwa kwangu, chini ya kitanda."

Mama mmoja akasonya. Mwingine akacheka. Josephine akaomba aitwe msimamizi, akarudia yote mbele yake, akaandika kwenye karatasi na kusaini. Msimamizi alisema ataona la kufanya, ila nafasi imeshajazwa. Josephine akarudi nyumbani kuchukua kifurushi, akapanda bodaboda mpaka Mutuka.

Romanus alikuwa anapalilia mahindi. Mkewe alimtolea mgeni kigoda, mgeni akakataa kukaa. Alisema yote amesimama, macho chini, akanyoosha kifurushi kwa mikono miwili. Romanus alifuta udongo viganjani, akakipokea, akakigeuza kusoma jina, vilevile kama alivyozoea kufanya dirishani.

"Mama Brayan," alisema, "Alhamisi ile nililizuia gari. Dereva anapiga honi, abiria wananitukana. Nikawaambia ngojeni, yule mama yuko njiani, wiki ya komunyo hakosi mzigo, huwa anachelewa kidogo. Nilikusubiri dakika kumi."

"Hukumwambia msimamizi?"

"Nilimwambia. Akamwita dereva, na dereva akakubali kwamba tulikusubiri, ila kama ulifika, hakuona." Romanus alimrudishia kifurushi. "Wakasema, kama nilikusubiri, basi ulikuja."

Ndipo Josephine alipokaa kwenye kile kigoda.